Jeraha Likauke Kwanza: Kuzalisha Mshubiri na Jamaa Zake Nyumbani

Chungu cha mshubiri kikianza kupasuka, usikimbilie kununua kikubwa zaidi. Kilaze ubavu, kipigepige kitako, umtoe mama mzimamzima na udongo wake. Chini ya majani yaliyobanana utakuta watoto watano, wanane, pengine zaidi, kila mmoja ameshika shina la mama na kutoa mizizi yake mwenyewe. Miche mingi ya mshubiri inayouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara ilipatikana hivyohivyo: haikuota kwa mbegu, ilibanduliwa kwa mama. Kazi hiyo unaweza kuifanya barazani kwako kwa kisu cha jikoni na makopo matupu.

Mshubiri una jamaa wengi wa majani manene au mashina manene, na wauza maua siku hizi huwaita wote kwa pamoja sakulenti: sansevieria, echeveria, kalankoe, mkonge, mnyaa, mpungate. Sura zao hazilingani hata kidogo, lakini wote huweka akiba ya maji mwilini. Wengi wao hata vitundu vya kupumulia huvifungua usiku hewa ikiwa imepoa, na kuvifunga mchana jua linapowaka, ili akiba hiyo isipotee. Sifa hiyo ndiyo inayokurahisishia kazi ya kuzalisha. Ndiyo pia inayowaponza wengi, kwa sababu mtu aliyezoea kupanda mchicha huona kipande kilichokatwa akakihurumia, akakimwagilia, na siku ya kumi kikawa uji.

Tafuta jicho

Aliyewahi kupanda muhogo hahitaji kuelezwa sana. Huchomeki kipande chochote cha muhogo ardhini. Unachomeka pingili yenye macho, kwa sababu mche hutoka kwenye jicho. Kiazi mviringo ni vivyo hivyo. Kwa mimea ya majani manene swali ni lilelile: jicho liko wapi, au ni sehemu gani ya mmea huu inayoweza kujitengenezea jicho jipya? Ukilijibu kabla ya kushika kisu, nusu ya kazi imekwisha.

Kwa mshubiri na mkonge, macho yako kwenye shina, chini kabisa, na jani halina lolote. Ndiyo maana jani la mshubiri lililochomekwa kwenye udongo au kwenye glasi ya maji huoza, hata ulitunze namna gani. Nimewaona watu wengi wakilijaribu na kujilaumu kwamba hawana mkono wa kupanda. Mkono wao hauna kosa. Jani hilo halikuwa na njia ya kuwa mmea.

Kwa echeveria na sedumu, uwezo uko kwenye kitako cha jani, pale linaposhikana na shina. Kwa sansevieria, kipande chochote cha jani kinaweza kutengeneza mizizi na kisha jicho. Kwa baadhi ya kalankoe, miche midogo huota yenyewe pembeni mwa jani. Mnyaa na mpungate huota kwa kipande cha shina, kwani lile pande bapa la mpungate lenye miiba ni shina, si jani.

Jeraha

Hili ndilo neno ninalotaka ulishike kuliko yote humu. Kipande cha mmea wenye maji mengi kina jeraha bichi pale kilipokatwa, na udongo umejaa ukungu na bakteria. Ukikizika kikiwa kibichi, umewafungulia mlango. Ukikiacha kivulini penye hewa, jeraha hukauka na kufanya gaga, na juu ya gaga hilo hakuna kinachoingia kirahisi.

Siku ngapi? Jani dogo la echeveria, siku 3 hadi 5. Mtoto wa mshubiri aliyebanduka na mizizi yake bila kujeruhiwa sana, siku 2 au 3. Kipande cha sansevieria, wiki moja. Shina nene la mnyaa au pande la mpungate, wiki moja hadi mbili. Pwani, ambako hewa ina unyevu, ongeza siku. Dodoma au Turkana, kukavu, utapunguza. Usihesabu siku tu, gusa. Pakiwa pagumu na pakavu kama kovu kwenye goti, tayari.

Na usiogope kwamba kitakufa kwa kiu katika kungoja huko. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche 1000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Ilikuwa ile miche midogo inayoota juu kwenye mlingoti wa maua, kwani mkonge hautegemei mbegu. Ukishatoa mlingoti wake mara moja, hujaza miche hewani, kisha hufa. Safari ilipitia Hamburg, na miche iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyoanzisha mashamba ya mkonge ya Tanga, na kutoka hapo kila kizazi kilitokana na machipukizi na miche ya mlingoti. Ikiwa miche midogo iliweza kuvuka bahari mbili ikiwa hai, ingawa ni michache, basi mtoto wa mshubiri uliyemweka juu ya kabati kwa wiki moja hajambo kabisa.

Udongo na vyombo

Udongo wa bustani peke yake haufai, hasa ule mweusi unaonata. Unataka udongo ambao maji yakimwagwa yanapita na kutokea chini mara moja. Mimi hupima kwa kopo: makopo mawili ya mchanga mkubwa wa mto au changarawe ndogo, kopo moja la mboji iliyooza vizuri. Makaa yaliyopondwa, konzi moja au mbili, husaidia kuuweka mwepesi. Walio jirani na milima ya volkano, upande wa Arusha au Naivasha, wanaweza kupata yale mawe mepesi yenye vitundu. Yapondeni yatumike badala ya changarawe, ni bora kuliko vyote. Mchanga wa ufukweni uache hukohuko, una chumvi.

Chombo chochote kitafaa kama kina tundu chini: kopo la mtindi, chupa ya maji iliyokatwa katikati, sufuria iliyotoboka. Matundu yatoboe kwa msumari uliopashwa moto, matatu au manne. Chombo kiwe kidogo. Mche wenye urefu wa kidole ukiuweka kwenye ndoo, udongo wote unaouzunguka utabaki na maji ambayo mizizi yake haiwezi kuyamaliza, na maji yanayokaa ndiyo yanayoozesha.

Kisu kiwe kikali, kifutwe kwa spiriti kabla ya kila mmea. Kisu butu hukwaruza na kuponda, na jeraha lililopondwa halikauki vizuri.

Kuhusu majira: mmea huponya jeraha upesi ukiwa unakua, na hukua palipo na joto. Nyanda za baridi, kama Nairobi, Iringa au Mbeya, usianze Juni wala Julai, ngoja Septemba. Pwani ni kinyume kidogo. Joto lipo mwaka mzima, adui ni mvua na unyevu wa masika, kwa hiyo Juni mvua zikishapungua ndio wakati mzuri kuliko wote.

Kugawa mshubiri

Acha kumwagilia siku nne au tano kabla. Udongo mkavu huachia mizizi kirahisi, na mizizi iliyopungukiwa maji kidogo haikatikikatiki kama ile iliyojaa.

Ukishautoa mmea chunguni, pukuta udongo kwa vidole hadi uone mahali mtoto anaposhikana na mama. Chagua watoto wenye urefu wa kama sentimita 8 au zaidi, majani manne, na mizizi yao wenyewe. Wadogo zaidi ya hapo waache wanyonye. Mshike mtoto karibu na kitako, msokote taratibu huku unamvuta. Mara nyingi atabanduka. Akikataa, kata kile kiungo kwa kisu, ukihakikisha mizizi inabaki upande wake. Utomvu wa njano utakaotiririka ndio shubiri yenyewe, ile ambayo kina mama wa zamani walijipaka kwenye chuchu mtoto alipofika wakati wa kuachishwa ziwa. Unachafua nguo na haufutiki kirahisi, kwa hiyo vaa kanga kuukuu.

Walaze watoto kivulini hadi majeraha yakauke. Kisha panda, shingo ya mche ikiwa sawa na usawa wa udongo. Jani likizikwa huoza na kumwozesha mwenzake. Mche ukiyumba, uwekee vijiwe pembeni. Halafu usimwagilie. Ndiyo, umepanda na humwagilii, siku 5 hadi 7, ili mizizi iliyokatika chini ya udongo nayo ipone. Baada ya hapo mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha ngoja udongo ukauke kabisa kabla ya kurudia. Chomeka kijiti cha mishikaki hadi chini ukichomoe: kikitoka na udongo ulionata, bado.

Kwa wiki mbili za mwanzo weka penye mwanga lakini si kwenye jua la mchana. Majani yakigeuka mekundu au kahawia, jua ni kali kwake mapema mno; sogeza tu, atarudia rangi yake. Na mama usimsahau: mkatie mizizi iliyokauka, mbadilishie udongo, mrudishe kwenye chungu kilekile. Miezi michache baadaye ataanza tena.

Neno moja kuhusu mishubiri ya porini. Afrika Mashariki ina aina nyingi za mshubiri, nyingine huota kwenye kilima kimoja au viwili tu na si kwingine duniani. Kenya ilikataza uvunaji wa mishubiri ya porini kwa amri ya Rais mwaka 1986, na mkataba wa kimataifa wa CITES unadhibiti biashara ya mishubiri yote isipokuwa ule wa kawaida wa nyumbani, Aloe vera. Using'oe wa mlimani kwa kuwa ni mzuri. Tafuta mwenye nao kwenye kitalu, mwombe au mnunue mtoto.

Sansevieria: uamuzi kabla ya kisu

Yale majani marefu yaliyosimama kama mapanga unaweza kuyazalisha kwa njia mbili, na si sawa. Njia ya kwanza ni kugawa. Chini ya udongo mmea huu una shina nene linalotambaa, la rangi ya chungwa, kama tangawizi. Kata kati ya fungu na fungu, kila fungu libaki na mizizi, kausha siku chache, panda. Njia ya pili ni kukata jani vipande vya sentimita 7 hadi 10 na kuvichomeka kwenye mchanga.

Ya pili huzaa miche mingi kwa jani moja, lakini kama sansevieria yako ina ukingo wa njano, miche itatoka ya kijani tupu. Ukingo ule ni tabaka la chembechembe tofauti na zile za katikati, mimea miwili ndani ya ngozi moja, na jicho jipya huzaliwa kutoka kwenye tabaka la kijani. Ukitaka njano, gawa. Wengi wanaliona hilo baada ya kuukatakata mmea wao mzima, na hapo hakuna kurudi nyuma.

Kwa vipande vya jani, tia alama upande wa chini mara tu unapokata. Mimi hukata upande wa chini kwa mshazari na wa juu moja kwa moja. Kipande kilichopandwa juu chini hakioti. Mizizi huchukua mwezi mmoja na nusu hadi miwili, na mche kuchungulia nje ni miezi mingine tena. Usichimbue kuangalia. Unaweza pia kukitia kipande kwenye glasi ya maji, na mizizi utaiona kwa macho, jambo linalowafurahisha watoto. Ila mizizi ya majini ni laini, ikihamishiwa udongoni husuasua, kwa hiyo mimi napendelea mchanga tangu mwanzo.

Sansevieria hii ya sebuleni asili yake ni Afrika Magharibi. Jamaa yake wa nyikani kwetu, mkubwa na mgumu, Wamaasai humwita oldupai, na kwa jina hilo likapatikana jina la Bonde la Olduvai.

Majani ya echeveria

Hapa panahitaji vidole zaidi ya kisu. Chagua jani la chini, lililonona, lisilo na doa. Lishike karibu na shina, lisogeze kushoto na kulia taratibu hadi liachie. Angalia kitako chake: kiwe kizima, mviringo, bila kuchanika. Jani lililokatikia katikati litoe. Litakaa kijani wiki kadhaa na kukupa tumaini la bure, lakini kitako chenye uwezo wa kutoa jicho kilibaki shinani.

Yapange kwenye sinia kivulini, siku 3 hadi 5. Kisha yalaze juu ya udongo mkavu, juu, si ndani. Usiyamwagilie. Baada ya wiki mbili au tatu vitatoka vinyuzi vya rangi ya waridi, hiyo ndiyo mizizi, na muda mfupi baadaye kichwa kidogo chenye majani kama punje za mchele. Sasa ndipo unyunyize maji kidogo upande wa mizizi, uifunike kwa mchanga mwembamba. Jani la awali litanywea na kukunjamana, kwa kuwa mtoto analinyonya. Usilivute. Likikauka kabisa litaachia lenyewe.

Mengine yatatoa mizizi bila kichwa, mengine kichwa bila mizizi, mengine yatakauka tu. Anza na majani kumi ukitaka miche mitano.

Echeveria iliyokosa mwanga hurefuka shina na kuachana majani, ikawa haina umbo. Huyo mkate kichwa. Acha kipande cha shina cha sentimita 3 hivi chini ya kichwa, kikalishe kwenye mdomo wa glasi tupu, shina likining'inia hewani, na mizizi itajitokeza yenyewe. Kisiki usikitupe. Kichwa ndicho kilichokuwa kikitoa homoni ya kuyalaza macho ya chini. Kikiondoka, macho huamka, na kisiki hutoa vichwa viwili, vitatu, hata vinne.

Yenye sumu, na isiyojua kukoma

Mnyaa ni mmea unaoota kwa fimbo iliyochomekwa ardhini, na ndivyo maboma mengi yalivyozungushiwa ua. Wamaasai huuita emanyara, jina lililoenda hadi Ziwa Manyara. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya na unaweza kumtia mtu upofu. Vaa glavu na miwani, watoto wawe mbali, kipande kioshe kwa maji hadi utomvu ukome ndipo ukikaushe. Ukirukia jicho, osha kwa maji safi mengi mara moja, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, si kesho.

Waridi la jangwani nalo lina utomvu wa sumu. Pingili yake huota, ila mara nyingi haipati lile tumbo nene la chini linalopendwa. Ukitaka tumbo, panda mbegu.

Kalankoe zenye watoto pembeni mwa majani hazihitaji kuzalishwa, zinahitaji kuzuiwa. Zina sumu inayodhuru moyo wa ng'ombe na mbuzi, na watoto wao huangukia kila chungu cha jirani. Mpungate ni hivyo zaidi: Laikipia, nchini Kenya, mpungate wa kigeni umekula malisho kwa eneo kubwa, maana kila pande linaloanguka ni mmea mpya. Mabaki ya kalankoe na mpungate usiyatupe korongoni wala jalalani. Yaanike juu ya saruji hadi yakauke kabisa, kisha uyachome.

Mambo yakienda mrama

Mche uliolainika chini, ukawa kama umechemshwa, unaoza. Ung'oe leo. Kata kwenda juu, ukifuta kisu kila mara, hadi uone nyama safi isiyo na doa la kahawia, kisha anza upya: kausha, panda. Mimea mingi niliyodhani imekufa nimeiokoa hivyo.

Mche uliokunjamana ni habari nyingine, na hapa ndipo watu hukosea. Mara nyingi udongo una maji ya kutosha ila mche hauna mizizi ya kuyanywa. Uvute kidogo kabisa: ukishikilia, una mizizi, unataka maji; ukitoka, urudishe mchangani, upunguzie jua, na uungoje.

Ukiona vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani au kwenye mizizi, ni vidung'ata. Viguse kimoja kimoja kwa pamba iliyolowa spiriti, urudie kila wiki hadi viishe, na mmea huo usiugawe kabla haujapona, usije ukawagawia jirani pamoja na wadudu.

Ukitaka kumtumia ndugu yako wa Mwanza mche kwa basi, usiupeleke na udongo wake. Upukute, ukaushe siku mbili, uuzungushie gazeti, uutie kwenye boksi lenye matundu. Mfuko wa plastiki utauchemsha njiani. Andika juu jina la mmea na tarehe uliyoukata, na chini yake, kwa herufi kubwa, kwamba asiumwagilie siku anayoupokea.